Anayebaki na mgonjwa daktari akishaondoka: ijue kazi ya mlezi wa kiroho

Hapa Unguja mgonjwa hakosi mtu wa kumwombea. Akilazwa Mnazi Mmoja, saa ya kuangalia wagonjwa ikifika wodi hujaa. Akiwa nyumbani, iwe Malindi au Makunduchi, jirani atakuja na uji, shangazi atakuja na maji yaliyosomewa, na watoto wa madrasa wataitwa kusoma Yasin. Kwa ndugu zetu Wakatoliki, padri wa Minara Miwili ataleta mpako wa wagonjwa, na kwa Waanglikana kasisi wa Mkunazini atakuja na sala. Huo ni utajiri ambao nchi nyingi zimeshaupoteza.

Hata hivyo, katika miaka niliyowahudumia wagonjwa wa saratani, figo na moyo waliofika hatua ambayo hakuna tena dawa ya kuwaponya, nimeona jambo moja likijirudia. Mgonjwa anaombewa sana lakini haulizwi. Watu kumi wanaingia chumbani, kila mmoja ana la kumwambia, na hapatikani hata mmoja wa kumuuliza: wewe mwenyewe unafikiria nini? Unaogopa nini? Lipi linakunyima usingizi?

Wiki hii tuzungumze juu ya mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali hayo na kungoja majibu. Katika hospitali nyingi za nje, na katika baadhi ya hospitali za Tanzania Bara na Kenya, mtu huyu ana mafunzo yake na nafasi yake ndani ya timu ya matibabu. Makanisani wanamwita mchungaji au kasisi wa hospitali. Kwa kuwa hapa kwetu anaweza kuwa sheikh, ukhti, padri au muumini wa kawaida aliyefunzwa, mimi nitamwita mlezi wa kiroho.

Tiba shufaa ni nini?

Neno shufaa wengi wetu tulilisikia kwanza darsani, kwa maana ya uombezi. Hospitalini, tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa unaohatarisha maisha yake, pamoja na familia yake. Wengi hudhani ukipelekwa tiba shufaa umeshaachwa ufe. Si kweli. Huduma hii inafaa kuanza mapema, tangu ugonjwa unapogundulika, ikaenda sambamba na matibabu mengine, na ikaendelea kwa wafiwa hata baada ya msiba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji huduma hii kila mwaka, na wanaoipata ni takriban asilimia 14 tu. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Na shirika hilo linapoeleza mateso yanayopaswa kutibiwa, linataja ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho. Hilo la nne ndilo tunalolisahau.

Aliyetufundisha kuyaona yote manne kwa pamoja ni Dame Cicely Saunders wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1918. Alianza kazi kama muuguzi. Mgongo ulipomsumbua akawa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwaka 1948 alikuwa akimtembelea mkimbizi Myahudi kutoka Poland, David Tasma, mtu asiye na ndugu karibu, aliyekuwa akifa kwa saratani jijini London. Walizungumza sana juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufa bila kupuuzwa. Tasma alimwachia pauni 500 zianzishe mahali hapo. Saunders akarudi darasani, akafuzu udaktari mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia mwisho ni mzigo mmoja wenye sehemu nyingi: uvimbe unaosukuma mfupa, ada za skuli za watoto, ugomvi na ndugu, na swali la kwa nini mimi. Ukiitibu sehemu moja ukaziacha nyingine, mgonjwa ataendelea kulia.

Kazi hii ilivyopata mafunzo

Viongozi wa dini wamewatembelea wagonjwa tangu zama za kale. Kilichokuwa kigeni ni wazo kwamba mtembeleaji huyo naye afundishwe wodini, kama anavyofundishwa daktari. Wazo hilo lilipata nguvu kupitia Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1876. Mwaka 1920 alipatwa na maradhi makali ya akili, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Humo aliona kwamba madaktari walijali mwili na wachungaji wachache waliofika walihubiri, lakini hapakuwa na aliyekaa kumsikiliza mgonjwa akisimulia yanayompata.

Alipopona akaomba kazi ya uchungaji wa hospitali. Akaipata katika hospitali ya Worcester, jimbo la Massachusetts, na mwaka 1925 akawaleta hapo wanafunzi wachache wa theolojia wajifunze kwa kuwahudumia wagonjwa. Aliwaambia kwamba mgonjwa ni maandiko hai, asomwe kwa uangalifu ule ule wanaousomea vitabu vyao.

Mafunzo hayo sasa yameenea duniani. Kwa utaratibu wa Marekani, awamu moja ni saa zisizopungua 400, na sehemu kubwa ya saa hizo ni wodini. Anayetaka kutambuliwa rasmi anapitia awamu nne. Mwanafunzi humtembelea mgonjwa, kisha huandika mazungumzo yote jinsi yalivyokwenda na kuyasoma mbele ya mwalimu na wenzake. Wanamuuliza: hapa mgonjwa alipotaja mwanawe, kwa nini ulibadilisha mada? Hapa ulikimbilia kuomba dua, ilikuwa kwa ajili yake au kwa sababu wewe uliogopa kimya? Watu wenye elimu kubwa ya dini hutokwa jasho katika kipindi hicho.

Karibu na kwetu, hospitali ya KCMC mjini Moshi ina mafunzo ya namna hii, na hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, inafundisha wachungaji wa hospitali. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri limeendesha tiba shufaa katika hospitali zake kadhaa za Bara, Selian ya Arusha ikiwa miongoni mwao. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dk Anne Merriman, daktari aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, ambako morfini ya maji hutengenezwa kwa gharama ndogo.

Usidhani kazi hii ni ya Wakristo peke yao. Nchini Uingereza hospitali za umma zinaajiri maimamu, na wanawake wa Kiislamu pia, kuwa walezi wa kiroho wa wagonjwa. Wanapata mafunzo maalumu juu ya elimu yao ya dini, kwa sababu kuijua sheria ya sala ni jambo moja na kumsikiliza mtu anayekufa ni jambo jingine.

Maumivu yasiyosikia dawa

Nikupe mfano mmoja. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike.

Mama mmoja wa makamo kutoka Mkoa wa Kusini alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Alikwishavuka kwa boti kwenda Dar es Salaam kupata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kama walivyofanya Wazanzibari wengi kabla yake. Ugonjwa uliporudi, ulitoboa kibofu na mkojo ukawa unavuja wakati wote. Tulimpa morfini, tukaongeza dozi mara tatu. Kila tukimuuliza maumivu ni kiasi gani kati ya kumi, alijibu nane.

Muuguzi wetu ndiye aliyegundua kitu. Kila adhana ikitoka, yule mama aligeukia ukutani.

Tulimwomba mwalimu mmoja wa madrasa, mwanamke, aliyekuwa ameshakaa na timu yetu na kujifunza namna tunavyofanya kazi. Hakuanza na dua. Aliketi kwenye mkeka, akauliza hali, akanyamaza. Baada ya muda mrefu mama akasema ameacha kusali miezi mitano. Nguo hazikai safi hata dakika moja, atasimamaje mbele ya Mungu? Aliamini atakufa hali ya kuwa ameifukuza sala, na hakuweza kumwambia mumewe wala mwanawe.

Mwalimu akamweleza hukumu ya mwenye udhuru, ambayo hufundishwa katika vitabu vya fiqhi: wakati wa sala ukiingia ajisafishe, aweke kitambaa kipya, atie udhu, asali. Kinachotoka baada ya hapo bila hiari yake hakimharibii sala hiyo. Maji yakimdhuru, atayamamu. Asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale. Kisha akamfundisha binti yake jinsi ya kumsaidia.

Wiki ile hatukuongeza dozi. Namba ilishuka hadi nne, na akaanza kulala. Sisemi kwamba saratani ilipungua. Haikupungua, na wiki chache baadaye alifariki nyumbani kwake. Ninachosema ni kwamba sehemu ya ile nane haikuwa kazi ya morfini, na mimi daktari nisingeijua hata ningemchoma sindano mwezi mzima.

Vitu vinavyowasumbua wagonjwa wetu mara nyingi ni vya namna hiyo, vya kawaida kabisa. Mzee mmoja mvuvi wa Kaskazini alikuwa na deni la mashine ya boti. Aliyemkopesha alikwishafariki, naye hakujua alipe nani. Sheikh alimwambia haki hiyo sasa ni ya warithi wa marehemu, na mtoto wake mkubwa akaenda kuwatafuta. Mwingine anataka kumwomba radhi mke aliyemwacha. Mwingine hana dini anayoishika, ila anataka mtu wa kukaa naye usiku.

Dini na morfini

Wapo wanaokataa dawa ya maumivu wakisema maumivu ni kafara ya dhambi. Mimi si mwanachuoni, lakini masheikh ninaowauliza hunijibu kwamba kusubiri ni ibada na kutafuta dawa pia kumeamrishwa, na kwamba dawa yenye kulevya inaruhusiwa pale penye dharura na daktari akaitoa kwa kipimo. Mlezi wa kiroho aliyefunzwa humpatia mgonjwa jibu hilo kutoka kwa mtu anayemwamini.

Kwa upande wangu kama daktari nakuhakikishia mambo matatu. Morfini ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Mgonjwa anayeitumia kwa maumivu ya saratani ni nadra kuwa mraibu. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, ila choo kigumu hakipungui chenyewe, kwa hiyo lazima apewe na dawa ya kulainisha choo. Usiikatize ghafla, na uifungie mbali na watoto.

Yule mama wa Kusini alikuwa akiikataa dozi ya jioni asije akapitiwa na usingizi kabla ya Isha. Hakutuambia sisi, alimwambia mwalimu. Tukazisogeza saa zote za dozi, moja ikaangukia mara baada ya Isha, na mgogoro ukaisha.

Kwa nini maombi ya jamaa peke yake hayatoshi

Watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Dk Tracy Balboni, waliwafuatilia wagonjwa 343 wenye saratani iliyosambaa. Mwaka 2010 walieleza kwamba wagonjwa walioona timu ya matibabu inajali mahitaji yao ya kiroho walikuwa na hali bora karibu na mwisho, na wengi wao zaidi walipata tiba shufaa. Mwaka 2013 wakatoa matokeo mengine ya kushangaza: waliopata msaada mkubwa wa kiroho kutoka kwa jumuiya zao za dini walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata tiba shufaa, na uwezekano mkubwa wa kufia katika chumba cha wagonjwa mahututi. Pale timu ya matibabu nayo ilipohusika na mambo ya kiroho, hali ilikuwa tofauti.

Hiyo ni Marekani, na sisi tuna mazingira yetu. Lakini naielewa vizuri. Jamaa wanaomwombea mgonjwa bila kujua ugonjwa umefika wapi humhimiza apigane hadi pumzi ya mwisho. Daktari anayejua ugonjwa umefika wapi hajui mgonjwa anaamini nini. Anahitajika mtu anayesikia pande zote mbili na kuzikutanisha.

Mji Mkongwe unatufundisha kwamba mtu huyo lazima awe na kifua kipana. Kwa mwendo mfupi tu unapita misikiti ya Sunni, Ibadhi na Shia, makanisa mawili makubwa na hekalu la Wahindu. Mlezi wa kiroho wa hospitali hamgeuzi mgonjwa dini wala madhehebu. Akikuta mgonjwa si wa imani yake, anamsikiliza, kisha anamwitia mwenziwe.

Anayesaidia na anayeumiza

Si kila anayeingia na kitabu mkononi ni mlezi wa kiroho. Jihadhari na anayemwambia mgonjwa aache dawa, anayedai fedha ili dua ijibiwe, anayesema ugonjwa umekuja kwa sababu imani ni ndogo, au anayetaja jirani fulani kuwa ndiye mchawi. Nimeona wagonjwa wakifa huku wamewachukia ndugu zao wa damu kwa maneno ya aina hiyo. Mlezi wa kweli hatoi dawa, hapigi ramli, na siri aliyoambiwa haipeleki barazani.

Kosa jingine ni letu sisi jamaa: tunamwita sheikh saa ya mwisho tu, amtamkishe mgonjwa shahada. Matokeo yake, mgonjwa akiona kanzu mlangoni anatetemeka, anajua amekwisha. Na kwa kuwa tumemficha ugonjwa wake, hajaandika wasia, hajalipa deni, hajaomba radhi. Tunadhani tunamhurumia, kumbe tunamnyang'anya muda.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani

Kwanza, muulize. Daktari Christina Puchalski wa Marekani alitunga mwongozo wa maswali unaotumika hospitali nyingi, nami nimeuweka kwa lugha yetu. Nini kinakupa nguvu wakati huu? Imani yako ina uzito gani katika maamuzi ya matibabu? Nani ungependa awe karibu nawe? Na sisi tukufanyie nini katika hayo? Uliza moja kwa siku, kisha nyamaza. Kimya cha dakika mbili si kirefu.

Pili, mwite kiongozi wa dini mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuzungumza, na uchague anayejua kusikiliza. Kwa mgonjwa mwanamke, fikiria ukhti au mama mtu mzima. Yapo mambo ambayo hatamwambia mwanamume.

Tatu, mwambie daktari au muuguzi yanayomsumbua mgonjwa kiroho, hata kama unaona si mambo ya hospitali. Saa za dozi, mpira wa mkojo na swaumu ya Ramadhani vyote vinaweza kupangwa vikaendana na ibada yake.

Nne, wapangieni wageni zamu. Mgonjwa hawezi kufunguka mbele ya watu kumi.

Kwa viongozi wetu wa dini na wa afya, nina pendekezo. Katika wilaya ya Malappuram, jimbo la Kerala nchini India, ambako Waislamu ni wengi, majirani wa kawaida walianza kufunzwa tangu karibu na mwaka 2000 kuwatembelea wagonjwa wasiopona wakishirikiana na wauguzi. Hawakujenga majumba makubwa. Walianza na watu waliokuwepo na saa chache za mafunzo. Sisi tuna masheha, madrasa, jumuiya za makanisa na kina mama wa kila mtaa. Kila shehia ikitoa watu wawili, mwanamke na mwanamume, wakafunzwa kusikiliza, kutunza siri na kujua lini pa kumwita muuguzi, hatutakuwa mbali na huduma wanayoipata watu wa London.

Na wewe msomaji, kama unajiona unafaa, usisubiri cheti. Mtembelee mgonjwa mmoja wiki hii. Kaa chini, usiwe na haraka, usimpe mawaidha asiyoyaomba. Akikwambia ana maumivu, ya mwili au ya moyo, mfikishie ujumbe huo anayemtibu siku hiyo hiyo.